Fundi wa Linux Yuko Wapi Nairobi?

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Kwa mwenye kompyuta mpya siku hiyo ilipita bila kishindo. Hapa Nairobi, ambako wengi wetu hununua laptopu za mtumba kutoka ofisi za Ulaya, zile ambazo wauzaji wa Moi Avenue na Luthuli huziita ex-UK, habari hiyo ilikuwa nzito. Nyingi ya ThinkPad, EliteBook na Latitude zilizopangwa kwenye rafu hizo zina prosesa za Intel za kizazi cha sita au cha saba. Windows 11, kwa masharti yake rasmi, inataka kizazi cha nane kwenda juu pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Mashine zenyewe hazina ubovu. Zina RAM ya GB 8, zina diski za SSD, na kibodi zake ni imara kuliko za laptopu nyingi mpya za bei hiyo.

Kama kuna wakati ambao Linux, mfumo huria wa kuendesha kompyuta unaoweza kuchukua nafasi ya Windows, ilistahili kutamalaki katika maduka hayo, ni huu. Haiuzwi, inakwenda vizuri kwenye mashine za umri huo, na sasisho zake za usalama hazibagui prosesa kwa kizazi. Hata hivyo, ingia dukani leo uulize laptopu. Utaonyeshwa yenye Windows 11 iliyopachikwa kwa kukwepa ukaguzi wa TPM, au yenye Windows 10 ileile. Ukitaja Linux, muuzaji mwenye nia njema atakuonya kwamba itakusumbua. Nimefanya kazi kwa Linux kwa miaka mingi, naipenda na nataka ienee, na bado nasema muuzaji huyo hakosei. Itakusumbua. Ninachotaka kukichunguza ni chanzo cha usumbufu huo, kwa kuwa jibu ambalo sisi wapenzi wa Linux tumezoea kulitoa haliufai mji huu.

Tumezoea kuanza na bei. Linux ni bure, Windows ni pesa, basi mwenye akili achague. Hoja hiyo ina maana Ujerumani, ambako idara ya serikali hupelekewa ankara ya leseni kila mwaka. Kwenye kaunta ya Nairobi haina mashiko. Laptopu ya mtumba huja na leseni yake ya Windows kutoka kiwandani, na isiyo nayo huamilishwa kwa njia za panya kabla mteja hajamaliza kuhesabu noti zake. Mteja haoni bei ya Windows popote. Anachopima ni kitu kingine: nikikwama, nani atanikwamua, na kwa muda gani?

Wala tusijitetee kwa uwezo wa Linux, kwa sababu hakuna anayeupinga. Linus Torvalds alitangaza kerneli yake, yaani kiini cha Linux kinachosimamia vifaa vya kompyuta, mwaka 1991 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, na tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zilizo katika orodha ya TOP500 ya kompyuta zenye nguvu kuliko zote duniani zinaendeshwa kwa Linux. Simu ya Android anayopokelea mama mboga malipo ya M-Pesa ina kerneli hiyohiyo ndani yake. Kwenye kompyuta za mezani na laptopu, hata hivyo, vipimo vya StatCounter vya mwaka 2024 viliipa Linux takriban asilimia 4 tu ya dunia nzima. Tofauti hiyo haitokani na ubora wa kerneli. Kerneli ina wenyewe wanaoigharamia: Intel, Google, Red Hat na wenzao huajiri wahandisi wa kuitengeneza kwa sababu biashara zao zimesimama juu yake. Lakini kuhakikisha kwamba laptopu fulani, ya modeli fulani, inalala ukiifunga na kuamka ukiifungua, hiyo kwa sehemu kubwa ni kazi isiyo na mwenyewe.

Tuanze hapohapo kwenye kulala, maana ndipo mgeni wa Linux anapovunjika moyo mapema. Kwa miaka mingi laptopu zililala kwa njia moja iliyoeleweka: prosesa inazimwa, RAM inabaki na umeme kidogo wa kushikilia kumbukumbu, basi. Baadaye watengenezaji wakahamia njia nyingine, ambapo mashine haizimi prosesa moja kwa moja bali inasinzia kama simu, na kila kifaa ndani yake kinatakiwa kijizime chenyewe kwa mpangilio. Kifaa kimoja kikikataa kusinzia, mashine nzima inabaki macho. Windows yenyewe imepata taabu na utaratibu huu, lakini angalau mtengenezaji ameijaribu mashine yake na Windows kabla ya kuiuza. Kwa Linux, mara nyingi wa kwanza kuijaribu ni wewe. Unaifunga laptopu ofisini Upper Hill, unaitia begini, unapanda gari la Rongai, mnakwama Lang'ata Road, na ukifika nyumbani begi lina joto na betri imekauka. Mtu akipatwa na hayo, usimweleze habari za uhuru wa programu. Ana kazi ya kukabidhi kesho asubuhi na pengine stima imepotea mtaani.

Waifai nayo ina historia yake. Chipu za Broadcom na baadhi ya za Realtek haziwezi kufanya kazi bila fimuwea, yaani programu ndogo ambayo mtengenezaji wa chipu huitoa ikiwa imefungwa, bila kuonyesha msimbo wake. Debian, ambayo ndiyo msingi wa Ubuntu na kupitia Ubuntu wa Linux Mint, kwa muda mrefu ilikataa kuweka vitu hivyo ndani ya kisakinishi chake rasmi kwa sababu za kimsingi. Matokeo yake ni kwamba mtu alimaliza kusakinisha, akawa hana waifai, na dawa ya waifai iko kwenye intaneti. Mwaka 2022 wanachama wa Debian walipiga kura wakabadili msimamo huo, na Debian 12 iliyotoka Juni 2023 ikaja na fimuwea hizo tayari. Ninaheshimu msimamo wa awali, na ninaamini walichelewa. Kwa yeyote anayekwama leo, njia inayotegemeka ni kuchomeka simu ya Android kwa kebo ya USB na kugawa bando lake. Laptopu huiona simu hiyo kama waya wa mtandao bila kuuliza draiva, yaani programu ya kuendesha kifaa. Ni jambo dogo, lakini nani amemwambia mnunuzi wa Moi Avenue?

Halafu kuna mikutano ya video, ambayo tangu 2020 imekuwa ndiyo ofisi ya vijana wengi wa mji huu wanaofanyia kazi waajiri wa ng'ambo. Linux iko katikati ya kuhama nyumba. Mfumo wa zamani wa kuchora vitu kwenye kioo, X11, una umri wa takriban miaka 40, na mrithi wake, Wayland, alianzishwa 2008. Wayland imejengwa ili programu moja isiweze kuchungulia dirisha la nyingine, na hilo ni jema. Lakini kushiriki skrini kwenye mkutano ni kuchungulia kulikoruhusiwa, na ilibidi itengenezwe njia mpya ya kuruhusu. Kwa miaka kadhaa mtu alibonyeza kitufe cha kuonyesha kazi yake mbele ya mteja, na upande wa pili wakaona weusi mtupu. Leo hali ni bora sana, hasa kupitia kivinjari. Microsoft ilikuwa na programu ya Teams kwa ajili ya Linux, ikaiondoa mwishoni mwa 2022 na kuwaelekeza watumiaji kwenye kivinjari. Programu za kusimamia mitihani ya mtandaoni, zinazofunga kompyuta mwanafunzi asifungue kitu kingine, nyingi hazitaki kabisa kuisikia Linux. Mwanafunzi anayegundua hilo asubuhi ya mtihani amepata hasara ambayo hakuna atakayeilipa.

Kwenye nyaraka ndipo mambo yanapokuwa mazito zaidi, na hapa nitakaa kidogo.

LibreOffice, iliyozaliwa 2010 kutoka OpenOffice, ni programu nzuri. Kwa barua, ripoti na bajeti ya chama haina upungufu wa kumzuia mtu. Taabu huanza pale waraka unapovuka mpaka kwenda kwa mwenye Microsoft Word na kurudi. Fonti ya Calibri, iliyokuwa chaguo la msingi la Word kwa zaidi ya miaka kumi na mitano, ni mali ya Microsoft, kwa hiyo haiji na Linux. Bila Calibri, kompyuta huweka fonti nyingine yenye herufi pana au nyembamba zaidi, mistari inasogea, na wasifu wa kazi uliopangwa ukurasa mmoja unamwagika hadi wa pili. Mwombaji kazi haoni hilo mpaka afike saiba kuuchapisha, au haoni kamwe, na anayeona ni mwajiri. Dawa ipo. Fonti iitwayo Carlito ilichorwa ili kila herufi yake iwe na upana sawasawa na wa Calibri, na zile za Liberation hufanya kazi hiyo kwa Times New Roman na Arial. Ukizisakinisha, kurasa hutulia kwa kiasi kikubwa. Distro, yaani matoleo mbalimbali ya Linux kama Ubuntu na Mint, nyingine huja nazo, nyingine haziji nazo, na mtumiaji hana namna ya kujua kwamba jina la ugonjwa wake ni fonti.

Makro, yaani amri zinazoandikwa ndani ya faili ili lijifanyie kazi lenyewe, hazina dawa nyepesi kama hiyo. Majedwali ya Excel yenye makro yameota mizizi katika ofisi za mji huu, za umma na za binafsi: fomu za maombi, hesabu za mishahara, taarifa za miradi ya wafadhili. LibreOffice hujaribu kuzielewa makro za Excel, huziweza zile rahisi na hushindwa na zilizofungamana na Windows yenyewe. Mtu mwenye fomu ya siku ya mwisho hawezi kukubali kwamba kitufe cha kuthibitisha hakiitikii. Atakwenda saiba, atalipa, ataijaza kwenye Windows, na akirudi nyumbani Linux yake imeshapungua hadhi machoni pake. Simlaumu. Namlaumu aliyeamua kwamba haki ya mwananchi ipitie kwenye faili linalofunguka ipasavyo kwa programu ya kampuni moja tu. Huduma nyingi za umma sasa ziko kwenye kivinjari kupitia eCitizen, na kivinjari hakijali uko kwenye mfumo gani. Kila fomu inayohamia huko huondoa sababu moja ya mtu kuikimbia Linux, na wakati huohuo humwondolea mwenye simu pekee sababu ya kwenda saiba.

Wapo ambao nisingewashauri wahame hata kwa kusukumwa. Mhasibu anayeishi ndani ya QuickBooks ya kusakinisha, msanifu majengo wa AutoCAD au ArchiCAD, mchora mabango wa River Road ambaye mchapishaji wake anataka faili la CorelDRAW au Photoshop. Programu hizo hazina toleo la Linux. Wine, inayojaribu kuendesha programu za Windows juu ya Linux tangu 1993, imepiga hatua kubwa kwenye michezo baada ya kampuni ya michezo ya Valve kuongeza Proton mwaka 2018, ila kazi ya kumlisha mtu haifai kutegemea bahati. Inkscape, programu huria ya kuchora, ni chombo kizuri sana, lakini bango la Inkscape lisilopokelewa na mtambo wa jirani halilipi kodi ya chumba.

Ukiyaangalia haya yote pamoja, utaona kwamba mengi yana dawa, na dawa zinajulikana. Fonti zinasakinishwa, fimuwea zinapatikana, kulala kwa mashine mara nyingi hurekebishwa kwa badiliko moja kwenye BIOS au kwenye mipangilio ya kerneli. Kinachokosekana ni mtu wa kuzitoa dawa hizo. Hapo ndipo hoja yangu ilipo.

Nairobi ni mji wa mafundi. Kioo cha simu kikipasuka unajua pa kwenda, jiko la gesi likivuja unajua nani wa kupigia, na laptopu ikigoma kuna kijana ndani ya jengo fulani la Luthuli, kwenye kibanda cha kioo, mwenye bisibisi ndogo na flashi zilizojaa. Ndani ya flashi hizo kuna Windows, Office, VLC, antivairasi na draiva za mashine anazozijua kwa majina. Mtapatana bei, utaketi kwenye kigoda au utarudi saa kumi, na laptopu itakuwa inafanya kazi. Huyo ndiye mfumo halisi wa huduma kwa wateja wa Windows jijini. Microsoft haikumwajiri wala haimjui, lakini bila yeye Windows isingedumu hapa hata mwaka.

Linux haina kijana huyo. Badala yake humwambia kila mtumiaji awe fundi wa mashine yake. Inamtaka afungue teminali, dirisha la kuandikia amri, asome ujumbe wa hitilafu, autafute mtandaoni, achague jibu moja kati ya kumi, na ajue kwamba amri iliyoandikwa 2014 kwa Ubuntu ya wakati huo inaweza kuharibu Ubuntu ya leo. Hatari hiyo si ya kufikirika. Mwaka 2021, katika jaribio maarufu la Linus Tech Tips, chaneli ya YouTube ya mambo ya kompyuta, la kutumia Linux kila siku, mtangazaji wake mkuu alijaribu kusakinisha Steam, duka la michezo, kwenye distro ya Pop!_OS, akapewa onyo refu ambalo hakulielewa, akaandika maneno ya kukubali kama alivyotakiwa, na mfumo ukafuta mazingira yake yote ya picha. Huyo ni mtu ambaye riziki yake ni kompyuta. Mwalimu wa Kayole au karani wa Gikomba atafanya nini na onyo kama hilo?

Naye atalisoma kwa Kiingereza. Mwaka 2004, kupitia mradi wa KiLinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, OpenOffice ilitafsiriwa kwa Kiswahili ikaitwa Jambo OpenOffice. Kazi ile ilithibitisha kwamba inawezekana, na kwamba lugha yetu ina maneno ya kutosha kuendesha kompyuta. Miaka zaidi ya ishirini baadaye, mtu akikwama kwenye teminali bado anakutana na Kiingereza cha wahandisi, na maelekezo mazuri ya Linux kwa Kiswahili ni ya kutafuta kwa tochi.

Sisi watumiaji wa zamani tumechangia. Mgeni akilalamika, wepesi wetu ni kumwambia kwamba mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, au kumweleza kwamba kosa ni la mtengenezaji wa chipu aliyekataa kutoa maelezo ya kifaa chake. Kwa historia, maelezo hayo ni kweli. Hata vuguvugu la programu huria lina chanzo chake humo: Richard Stallman, akiwa MIT karibu na mwaka 1980, alikasirishwa na printa ya Xerox ambayo hakuruhusiwa kuona msimbo wake ili airekebishe, na mwaka 1983 akatangaza GNU, mradi wa kuandika mfumo huria. Lakini mtu mwenye printa isiyochapisha hana haja ya kujua nani wa kulaumiwa. Anahitaji karatasi itoke. Tukimpa lawama badala ya msaada, tumemwacha alipokuwa.

Kuna kosa jingine ambalo wapenzi wa Linux hulipenda na kuliita utajiri. Distro ni nyingi mno: Debian, Ubuntu, Mint, Fedora, openSUSE, Arch na nyingine mamia. Juu yake kuna mazingira ya picha, GNOME, KDE, Cinnamon, Xfce, na chini yake kuna njia tofauti za kufungasha programu, deb, rpm, Snap, Flatpak na AppImage, kiasi kwamba programu moja inaweza kuonekana mara mbili dukani na mtumiaji asijue ipi ni ipi. Torvalds mwenyewe, kwenye mkutano wa DebConf mwaka 2014, alilalamika kwamba kuitengenezea Linux programu yake ya wapiga mbizi, Subsurface, kwa namna itakayofanya kazi kwenye distro zote, ni taabu kubwa kuliko kuitengenezea Windows au Mac. Kwa mtaalamu, wingi huo ni uhuru. Kwa mwalimu wa chuo cha mtaani anayefundisha pakeji za kompyuta kwa waliomaliza kidato cha nne, ni sababu ya kutogusa. Aandike mtaala wa ipi? Ubuntu ilihamia mazingira ya picha ya Unity mwaka 2011, na mwaka 2017 ikatangaza kuiacha na kurudi GNOME, ambayo nayo ilikuwa imebadilika sura kabisa. Vidokezo vilivyochapishwa mwanzoni vilikuwa havina kazi tena, na karatasi za chuo hizo ni gharama.

Nikitazama mahali ambapo Linux imefaulu mezani, naona kila mara kuna mtu au ofisi iliyokubali kubeba dhamana. Steam Deck ya Valve, iliyotoka 2022, ni kompyuta ya Linux, na wengi wanaoichezea hawana haja ya kulijua hilo, kwa sababu kampuni moja ilichagua vifaa, ikaandika programu na ikakubali kuulizwa. Jeshi la Gendarmerie la Ufaransa lilianza na programu kabla ya mfumo: OpenOffice mwaka 2005, kisha Firefox na Thunderbird, na kuanzia 2008 ndipo likaingiza Ubuntu kwenye makumi ya maelfu ya mashine, likiwa na kikosi chake cha kiufundi. Askari walipofika kwenye Linux, tayari walikuwa wamezoea kila dirisha. Jiji la Munich lilihamisha takriban kompyuta 15,000 kufikia 2013, na mwaka 2017 madiwani wakapiga kura kurudi Windows baada ya uongozi kubadilika na malalamiko ya nyaraka kutoisha. Programu ilikuwa ileile siku dhamana ilipoachiliwa.

Sasa turudi kwenye bidhaa iliyo mbele yetu, laptopu ya mtumba. Hapa kuna jambo ambalo sijaona likitiliwa maanani ya kutosha. Mashine za ex-UK haziji mojamoja kama viatu. Ni mali za kampuni na shule zilizokodishwa kwa makundi, zikamaliza mkataba, zikauzwa kwa makundi, na hufika Nairobi zikiwa kwa mamia za modeli ileile. Tena ni za aina ambayo Linux inaipenda kuliko zote: laptopu za kibiashara, zenye waifai ya Intel ambayo draiva zake zimo ndani ya kerneli, bila kadi za picha za Nvidia za kuleta ukaidi, na nyingi zikiwa za umri ule wa kulala kwa njia ya zamani iliyoeleweka. Sehemu kubwa ya mateso niliyoyataja juu, ya begi la moto na waifai iliyopotea, ni ya laptopu mpya au za bei nafuu za nyumbani. Kwenye Latitude ya 2016 hayapo, au yapo kwa kiasi kidogo sana.

Maana yake ni kwamba fundi mmoja akiijaribu modeli moja kwa makini, ameijaribu kwa niaba ya mamia ya wanunuzi. Ajaribu kulala na kuamka, kamera, kipaza sauti, Bluetooth, printa za HP na Canon zilizozoeleka mtaani. Aweke Carlito na Liberation. Aweke sasisho za usalama zijiendeshe. Achague distro moja, na kwa maoni yangu iwe Linux Mint, kwa kuwa sura yake haijamgeuka mtumiaji kwa miaka mingi na aliyetoka Windows hahitaji kufundishwa menyu iko wapi. Kisha atengeneze nakala ya usakinishaji huo kwenye flashi yake, kando ya zile za Windows. Kuanzia hapo, Linux kwake inakuwa kazi ya nusu saa yenye malipo, kama kazi nyingine zote za kibandani.

Ajihadhari na kitu kimoja, kuweka Windows na Linux kwenye diski moja kwa kumridhisha mteja asiyeamua. Agosti 2024 sasisho la usalama la Windows liliziharibu kompyuta nyingi za namna hiyo hata Linux ikashindwa kuwaka, na lawama kama hiyo humrudia fundi wa mwisho kuigusa mashine.

Taasisi za kiufundi zinaweza kulichukua hili bila kungoja sera mpya. Vyuo kama Kabete National Polytechnic tayari vinafunza vijana wa kutengeneza kompyuta. Sehemu ya somo la usakinishaji ikiwa ya Linux, darasa moja litakuwa limetoa mafundi wengi kuliko mikutano yetu yote. Na mikutano hiyo yetu, ya kusakinisha Linux kwenye kumbi za vyuo vikuu, tubadili inakofanyika. Tumekuwa tukiwasaidia wanafunzi wa sayansi ya kompyuta, watu ambao wangejisaidia wenyewe. Twende kwa wenye vibanda, tukiwa na orodha ya modeli zilizojaribiwa, maelekezo yaliyoandikwa kwa Kiswahili, na namba ya simu ambayo fundi anaweza kuipiga akikwama na mashine ya mteja mikononi.

Wapo miongoni mwetu watakaoona vibaya fundi kumtoza mtu pesa kwa kumwekea kitu cha bure. Leseni ya GPL, ambayo kerneli ya Linux inatolewa chini yake, inaruhusu waziwazi kutoza kwa kusambaza programu na kwa kuihudumia. Kijana wa Luthuli atoze, tena atoze bei itakayomfanya atamani mteja wa Linux arudi.